"Few", "a few", "several" na gunia la debe sita: wafasiri mnatokaje hapa?

Mfasiri_Nzuguni

Habari za jioni wakuu, na mbukwenyi kwa wa nyumbani. Naomba msaada kwa wenye uzoefu maana kichwa kimegoma. Nina kazi ya kutafsiri dodoso la mradi wa kilimo toka Kiingereza kuja Kiswahili, kurasa 22, mteja yuko nje, dodoso lenyewe litaenda kuulizwa vijijini huku Kongwa na Chamwino. Nikajua ni kazi ya siku mbili, nikachukua advansi nikalipa kodi ya nyumba. Leo siku ya tano na niko ukurasa wa 9.

Maneno magumu sio tatizo, yale kamusi inakusaidia. Kinachonitesa ni haya madogo madogo ya kiasi. Kuna swali lina machaguo matano: "none, few, some, many, most". Sasa nikiandika hakuna, wachache, baadhi, wengi, halafu hilo la mwisho nimwekee nini mama wa watu? "Wengi zaidi"? Zaidi ya nani? Afu ukurasa unaofuata kuna sentensi mbili, moja inasema "few farmers use airtight bags" na nyingine "a few farmers use airtight bags". Zote nikipeleka Kiswahili zinatoka "wakulima wachache wanatumia mifuko isiyopitisha hewa". Najua kwa Kiingereza ni vitu viwili tofauti, ya kwanza ni kama analalamika, ya pili anasema angalau wapo. Kwetu hiyo "a" inaenda wapi?

Kilichonimaliza kabisa ni jana. Nilimjaribishia swali mama mmoja jirani, mkulima wa mtama na alizeti, nikamuuliza "mwaka jana ulivuna magunia mangapi?" Akaniangalia. "Gunia lipi mwanangu? La debe sita au lile la kwenu la mjini?" Nikamwambia lolote tu mama. Akasema "basi sio mengi, yalinifikisha mwezi wa pili." Jibu zuri kabisa, kwenye fomu halina kisanduku.

Nifanyeje wadau.

kijana_wa_area_D

Si uweke tu kwenye mashine ikutafsirie, mbona unajitesa mkuu

Mfasiri_Nzuguni

Nimeweka bro. Zote mbili imenipa "wakulima wachache", na "most" imenipa "wengi". "Many" nayo "wengi". Kwahiyo machaguo matano yamekuwa manne, na mteja hatajua mpaka data zirudi.

Mwl_Mstaafu

Mwanangu pole na kazi. Hiyo "a" unayoitafuta usiitafute kwenye neno "wachache", haimo. Kiswahili kinaifanya kazi hiyo kwa namna sentensi inavyoanza. Soma hizi kwa sauti:

Ni wakulima wachache tu wanaotumia mifuko hiyo.
Wapo wakulima wachache wanaotumia mifuko hiyo.

Umesikia? Ya kwanza mtu anasikitika, ya pili anakupa habari kwamba wapo. "Ni... tu" inabana, "wapo" inafungua. Neno "wachache" halijaguswa. Wafasiri wengi wanakwama kwa sababu wanatafsiri neno kwa neno, wakikuta maneno mawili ya kule wanataka na huku yawe mawili, wakati kwetu mzigo umebebwa na kitenzi.

Jambo jingine nililokuwa nawapigia kelele wanafunzi miaka yote, na magazeti bado yanakosea: idadi, kiasi na kiwango si kitu kimoja. Idadi ni ya vinavyohesabika, watu, mbuzi, magunia. Kiasi ni cha visivyohesabika, maji, unga, mvua. Kiwango ni cha kupanda na kushuka, kiwango cha joto, kiwango cha riba. Mtu akiniandikia "kiasi cha watu waliohudhuria" naona kama watu wamepimwa kwenye kibaba. Na "idadi ya maji" ndiyo sitaki hata kuisikia. Vivyo hivyo chache na kidogo: maembe machache ni ya kuhesabu, maembe madogo ni umbo lake, maji kidogo ni kiasi. Mtafsiri akiandika "matatizo madogo" pale mwenyewe aliposema matatizo ni machache, keshapunguza uzito wa shida ya mtu, kumbe yanaweza kuwa mawili tu na yote ya kuua.

Kuhusu "most" andika "walio wengi" au "wengi wao", lakini kwenye dodoso mimi ningeandika "zaidi ya nusu" nikamaliza. "Wengi" peke yake haina nusu ndani yake. Kwenye msiba wakija watu arobaini kijiji kizima utasema wamekuja wengi, na kijiji kina watu elfu mbili.

Angalia pia ukanusho. "Wakulima wote hawakupata mbegu" inasomeka mara mbili: hakuna hata mmoja aliyepata, au waliopata wapo ila si wote. Ukimaanisha la pili andika "si wakulima wote waliopata mbegu". Hapo ndipo ripoti zinapopotoka halafu tunasingizia wakulima kuwa waongo.

Dalali_Kibaigwa

Mimi sio mtu wa lugha mimi ni mtu wa mzani ila hili la gunia niachieni. Mfasiri ukiandika "gunia" ukaacha hivyo hivyo umeandika hewa. Huyo mama alikuuliza swali la maana kuliko hao waliotunga dodoso. Huku sokoni mahindi gunia la kawaida watu wanahesabu debe sita, debe la mahindi makavu linacheza kilo 17 mpaka 20 inategemea mahindi yamekauka vipi na mpimaji kajaza mpaka mdomoni au kaweka kilima juu, kwahiyo gunia hapo ni mia na kitu. Sasa chukua gunia hilo hilo tia alizeti, debe sita zile zile, halifiki hata kilo 80 maana alizeti ni nyepesi ina maganda. Kwahiyo mama akikwambia magunia kumi na mwenzie akakwambia magunia kumi, mmoja mahindi mwingine alizeti, ukizidisha zote kwa mia umemtajirisha mmoja kwenye karatasi.

Na bado hujaja kwenye lumbesa. Lile linaloshonewa kichwa juu kama kilemba, wakulima wanalia nalo miaka yote, sheria ya vipimo inakataza na Wakala wa Vipimo wanasema mzigo usizidi kilo 100, lakini shambani huko jioni gari limeshapaki na mvua inakuja nani anabishana. Mkulima anaita gunia moja, mnunuzi anaita gunia moja, ndani kuna gunia moja na debe mbili. Neno moja, vipimo viwili, na wote wanaongea Kiswahili. Sasa wewe unahangaika na Kiingereza.

Ushauri wangu uliza debe. Debe kila mtu analijua, lile bati la lita 20, hata kama sa hivi ni ndoo ya plastiki bado tunaita debe. Muulize magunia mangapi, halafu muulize gunia lako linaingia debe ngapi. Na zao gani. Basi kilo watajipigia wenyewe ofisini.

Kwa mboga na nyanya usithubutu kuandika kilo kabisa. Andika sado, tenga, fungu. Kuna watu walikuja na karatasi wanauliza "unauza nyanya kilo ngapi kwa siku", mama wa watu anauza mafungu, fungu la mia tano leo lina nyanya sita, jumamosi lina nne. Bei haipandi, fungu ndo linapungua. Hiyo nayo mtaitafsiri vipi sijui.

Mfasiri_Nzuguni

Dalali hiyo ya fungu umenifungua macho. Dodoso lina swali "has the price increased?" na kila mtu atajibu hapana.

mkalimani_saiti

Mkuu mimi nimekalia ukalimani wa Kichina saiti za ujenzi miaka minne, kwahiyo nakuelewa. Kwenye kiasi ndo watu wanapoteza kazi. Wachina wana neno "wan", ni elfu kumi. Kwao namba kubwa zinahesabiwa kwa elfu kumi kumi, sio kwa elfu elfu. Siku yangu ya pili kazini bosi anasema tofali "san wan", nikasikia san ni tatu, wan kichwani kwangu ilikuwa ni kama elfu, nikamwambia fundi elfu tatu. Fundi kaagiza elfu tatu. Kumbe ni elfu thelathini. Saiti ilisimama siku nzima, na mimi nimesimama nayo najifanya naangalia simu.

Baada ya hapo nikajitengenezea ujanja: wan kumi ni laki yetu. Waswahili tuna bahati tuna laki, Kiingereza hakina, lazima waseme mia elfu. Ukizoea kwamba "shi wan" ni laki moja basi unapanda na kushuka humo humo. Laki yenyewe tumeichukua India, na wao wakiandika wanaweka mkato tofauti, 1,00,000, ukiona hivyo usidhani mtu kakosea kutaipu.

Na kwenye punguzo la bei ndo utalia. Wachina wakibandika 8 na alama yao ya "zhe" maana yake unalipa 80%, yaani punguzo ni 20%. Mwenzangu mmoja alitafsiri "punguzo asilimia 80" kwenye tangazo la vifaa. Watu walijaa.

Ostadh_Changombe

Assalaam aleykum. Nichangie kidogo kwenye "several". Sisi tunatumia "kadhaa", neno limetoka Kiarabu, na kule asili yake ni "fulani, hivi na hivi", ndo maana tunasema kadha wa kadha. Halina namba ndani. Mtu akisema miaka kadhaa inaweza ikawa mitatu inaweza ikawa kumi na mitano.

Lakini Kiarabu hicho hicho kina neno jingine, "bidh'i", na hilo lina mipaka. Wanazuoni wa lugha wanalieleza kuwa ni kuanzia tatu mpaka tisa. Limo kwenye Surat Yusuf aya ya 42, Nabii Yusuf alikaa gerezani miaka bidh'i, na limo Surat Rum aya ya 4, Warumi watashinda ndani ya miaka bidh'i. Sasa ukitafsiri "miaka michache" umepoteza mpaka, ukitafsiri "miaka kadhaa" umepoteza vilevile, na ukiandika "miaka mitatu hadi tisa" umeongeza usahihi ambao sentensi yenyewe haikuutamka hivyo. Mimi nikifundisha naweka "miaka michache" halafu naeleza kwa mdomo. Kwenye karatasi ya serikali sijui utaeleza kwa mdomo gani.

binti_wa_kigoma

Naongezea haraka haraka. Nimefanya kazi na nyaraka za Kifaransa za upande wa Burundi na Congo, bilioni yetu wao ni "milliard". Na neno lao "billion" ni trilioni yetu, ina sifuri kumi na mbili. Uingereza nao zamani walikuwa hivyo hivyo mpaka serikali yao ikabadilisha 1974, kwahiyo ukikuta kitabu cha Kiingereza cha zamani kimesema billion jiulize mara mbili. Na mkato! Wao 2,5 ni mbili na nusu, na elfu wanaacha nafasi au wanaweka nukta. Niliwahi kuona bajeti imetafsiriwa vizuri sana, Kiswahili kimenyooka, afu tani 1,250 zimeingia kama elfu moja mia mbili hamsini wakati ni tani moja na robo.

Halafu Mfaransa akikwambia "siku kumi na tano" anamaanisha wiki mbili tu. Usihesabu.

Sista_Hombolo

Mimi ni nesi, nimepita tu ila mmenigusa. Jamani "every other day". Kuna kipeperushi kilikuja kimetafsiriwa "siku moja baada ya nyingine". Mgonjwa akisoma hapo anaelewa kila siku, leo, kesho, keshokutwa, mfululizo. Mimi huwa nasema "leo unameza, kesho unaruka, keshokutwa unameza", na wanaelewa hata bibi wa miaka themanini. Hata shamba la zabibu unaweza kusema hivyo, leo mwagilia kesho acha.

Na kijiko. Kijiko cha chai kwenye dawa ni mililita 5, cha mezani ni 15. Kwetu "kijiko" ni kile kilichopo. Mama mmoja alinionyesha chake, kile cha kupakulia mboga, anampa mtoto dawa ya kikohozi "kijiko kimoja" kama karatasi ilivyosema. Hakukosea yule mama. Nilichukua kile kijiko nikakiangalia mpaka nikaona aibu mimi. Mtoto alikuwa salama, tulishukuru Mungu. Toka siku hiyo naandika mililita na nachora mstari kwenye kikombe kwa kalamu.

Mwl_Mstaafu

Ahsante sista. Na tukiwa hapo kwenye kusikia tofauti, namba zetu wenyewe zina mtego. Mtu anasema "laki mbili na ishirini". Kwa kuandika ni 200,020. Kwa kuzungumza, na wote mnajua, ni 220,000. Tumeshazoea kumeza "elfu".

Dalali_Kibaigwa

Hahaha mwalimu hapo umenikumbusha. Tuliuziana kiwanja na mtu huko Nala, tumekubaliana milioni mbili na mia tano. Mimi na yeye tunajua ni mbili na nusu. Kijana aliyekuwa anaandika hati akaandika kwa tarakimu 2,000,500/=. Jamaa kasoma kanyamaza. Mpaka siku ya kulipa anatoa milioni mbili na noti moja ya mia tano, jero, kaiweka juu kabisa mezani. Tulicheka lakini sikucheka sana.

Mfasiri_Nzuguni

😂😂 Dalali

mkulima_wa_Mpwapwa

Mnaongelea magunia na ekari mmeiacha? Miradi inakuja na hekta. Hekta moja ni kama ekari mbili na nusu. Hapa kijijini ekari ni hatua 70 kwa 70, na hatua ni za nani? Za babu yangu mrefu au za karani? Nilipimiwa ekari tatu na mtu mfupi, nikapimiwa tena na mtu wa GPS ikaja mbili na kidogo. Mwandike "ekari kwa hatua" au "ekari kwa kipimo", msichanganye.

Mfasiri_Nzuguni

Wakuu ahsanteni sana, nimekesha na hii thredi. Nilichofanya mpaka sasa:

Machaguo matano nimeyaandika hakuna hata mmoja / wachache tu / baadhi, hawafiki nusu / wengi, kama nusu hivi / zaidi ya nusu. Nimemwandikia mteja kwamba kwenye Kiswahili "wengi" haimwambii mtu ni nusu au sio nusu kwahiyo nimeweka nusu waziwazi, akakubali. Alibisha kidogo kwamba nimeongeza maneno ambayo hayapo kwenye asili. Nikamwambia yapo, ila kwa Kiingereza yamejificha. Akanyamaza siku nzima, jioni akasema sawa.

Gunia nimelivunja maswali matatu kama Dalali alivyosema: zao gani, magunia mangapi, gunia moja linaingia debe ngapi. Dodoso limerefuka, ila nilirudi kwa yule mama jirani kumjaribishia tena. Nikamuuliza gunia lako debe ngapi mama. Akajibu hapo hapo bila kufikiri, "la kuuza saba, la kuweka ndani sita." Sikuwa nimewaza hilo kabisa. Kumbe hata nyumba moja ina magunia mawili tofauti. Nimeongeza swali la nne.

Jibu lake la kwanza pia nimemwombea kisanduku, "chakula ulichovuna kilikufikisha mwezi gani?" Mteja kalipenda kuliko yote, anasema linamwambia kitu ambacho kilo haimwambii. Mahindi ya nyumba ya watu watatu na ya watu kumi na moja ukiyapima kilo yanafanana, ukiyapima kwa miezi hayafanani.

Mwalimu, "ni... tu" na "wapo" nimezitumia sehemu sita. Sista, "kesho unaruka" nimeiiba, nimeipeleka kwenye swali la kumwagilia.

Kazi nimeshatuma. Kilichobaki ni hela. Nimeuliza wakajibu watalipa "in a few days". Leo ya kumi na moja.

Ostadh_Changombe

Bidh'i imeshapita hiyo.

Dalali_Kibaigwa

Hizo siku zao ni za lumbesa